Wahusika wawili wamekufa kabla hatujaanza: jibu kuhusu Traveller ya 1977

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tumecheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons kwa muda sasa. Juzi mjomba amerudi kutoka Marekani na kisanduku cha mchezo wa zamani unaoitwa Traveller, ndani yake vijitabu vitatu vyeusi. Tulikaa kutengeneza wahusika, wawili wakafa hata kabla hatujaanza kucheza. Tumesoma sheria vibaya? Na huu ni mchezo wa kuchezwa leo, au ni kumbukumbu ya kuweka kabatini? Kama kuna toleo jipya zuri zaidi tuambie." (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Hamkukosea. Wahusika wenu wamekufa kihalali kabisa, na waliotunga mchezo walitaka iwe hivyo. Kuhusu kabati, subirini kidogo. Kisanduku hicho bado kina kazi mezani, ila si kazi mliyoizoea kwenye Dungeons & Dragons.

Kwanza mjue mmeshika nini. Traveller ilitolewa 1977 na Game Designers' Workshop, kampuni ndogo ya mji wa Normal, jimbo la Illinois. Mtunzi mkuu ni Marc Miller, akisaidiwa na Frank Chadwick, John Harshman na Loren Wiseman. Hawa walikuwa watu wa michezo ya vita ya mezani, ile ya ramani zenye vyumba vya pembe sita na majedwali yasiyoisha, na mtaiona tabia hiyo kila ukurasa. Dungeons & Dragons ilikuwa imetoka miaka mitatu tu kabla yake. Filamu ya Star Wars ilianza kuonyeshwa Mei mwaka huohuo wa 1977, mchezo ukiwa umekwisha kuiva, kwa hiyo msitafute panga za mwanga humo. Traveller imenyonya kwenye hadithi za kisayansi za kizazi kilichotangulia: wachuuzi wa nyota kwa nyota, askari wastaafu, mabaharia waliokwama bandari ya mbali bila nauli. Yule abiria anayegandishwa kwenye sanduku kwa kuwa hana pesa ya kusafiri macho ametoka moja kwa moja kwenye riwaya za Mwingereza E. C. Tubb.

Tazameni hata kisanduku chenyewe. Hakina picha ya chombo wala ya zimwi. Ni cheusi, kina maandishi tu: chombo cha biashara kiitwacho Beowulf kinaomba msaada kwa yeyote anayesikia, kimeshambuliwa, injini kuu imekwisha, hewa inavuja. Anayeita ni mchuuzi aliye matatani, hakuna shujaa anayetajwa. Mchezo mzima uko hapo.

Turudi kwa marehemu wenu. Katika Traveller mhusika haanzi akiwa kijana aliyetoka kijijini na upanga wa babu. Anaanza akiwa mtu mzima aliyekwishafanya kazi akatoka, na mchezo unakutaka uipitie kazi hiyo yote kwa dadu. Unarusha dadu mbili mara sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, elimu, na hadhi katika jamii. Ukiwa na miaka 18 unaomba kazi. Milango ni sita: jeshi la vyombo vya anga, makomando wake, jeshi la nchi kavu, maskauti (wapelelezi wa anga), vyombo vya biashara, na mlango wa mwisho wa wale ambao kazi yao haiulizwi sana. Ukikataliwa unarusha dadu moja, unapelekwa itakakokupeleka. Kila kipindi ni miaka minne, na swali la kwanza la kila kipindi ni kama umetoka hai.

Tuseme mmoja wenu alipata 6, 8, 5, 9, 7 na 4. Huyo anaandikwa 685974, basi, ndiyo sura yake yote kwenye karatasi. Akaomba uskauti. Kuingia kunataka 7 au zaidi, na akili yake inampa nyongeza ya 1. Ameingia. Kubaki hai nako kunataka 7, na nyongeza ya 2 wanapewa wenye ustahimilivu wa 9 kwenda juu. Yeye ana 5. Kwa dadu mbili, kupata 7 au zaidi ni nafasi 21 kati ya 36, kama asilimia 58. Akikaa vipindi vitatu, kati ya maskauti kumi wa aina yake wamebaki wawili. Angekwenda jeshi la nchi kavu angehitaji 5 tu, na kwa elimu yake ya 7 angeongezewa 2 juu yake.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake aende uskauti? Kwa sababu skauti anapewa ujuzi wa urubani tangu anaingia, na anapotoka, dadu ya marupurupu ikimwangukia 6, anakabidhiwa chombo cha tani 100 akitumie bila kudaiwa rejesho hata moja. Mwenye chombo ana pa kwenda. Wenzake wote mezani watamwomba lifti.

Hapo ndipo mtaona kwa nini kifo kimewekwa. Kila kipindi kinakuongezea ujuzi, na kwenye majeshi na biashara kinakuongezea cheo, na kila kipindi kinaongeza marupurupu ya kuondokea. Kama hakuna cha kukuogopesha, nani ataacha kazi akiwa na miaka 26? Wote mngekaa hadi kipindi cha saba, mkatoka na ujuzi wa kila aina. Umri pia unadai. Ukifika 34 unaanza kurusha dadu dhidi ya uzee, na nguvu, wepesi na ustahimilivu vinaweza kupungua kimoja kimoja. Kwa hiyo kutengeneza mhusika ni pata-potea: uondoke na ulichonacho, au uongeze miaka minne? Nimeona watu wakisimama mezani kwa ajili ya mtu ambaye hata jina hawajampa bado.

Toleo lililorekebishwa la 1981 liliweka njia ya hiari: ukishindwa kubaki hai unahesabiwa umejeruhiwa na kuachishwa kazi mapema. Kwa wageni mimi hutumia hiyo. Lakini jaribuni ile kali ya 1977 angalau mara moja. Ikikuulieni watu, tengenezeni wengine. Mhusika mmoja huchukua muda mfupi kuliko kupika ugali.

Kitakachowashangaza zaidi ni kwamba baada ya hapo mhusika hakui. Hakuna pointi za uzoefu, hakuna ngazi za kupanda kwa kuua. Ukitaka kujifunza ujuzi mpya kwa dhati, kanuni inakupa nafasi ya kwenda masomoni miaka minne kwa kredi 70,000 (kredi ni pesa ya humo mchezoni), na meza nyingi hazina mfululizo wa vikao unaofikia miaka minne ya ndani ya mchezo. Uliyekuja naye ndiye utakayekuwa naye. Mwanzoni inachosha wale waliozoea kupanda. Kisha mchezaji anaanza kuuliza maswali mengine: nani tunamjua mji huu, tuna pesa kiasi gani, tunaweza kuondoka lini.

Na hapo tumefika kwenye kile ambacho kwangu ndicho kiini cha Traveller, nacho ni deni.

Fungueni kijitabu cha pili, kile cha vyombo. Chombo kidogo cha biashara ni cha tani 200 na bei yake ni kredi 37,080,000. Hakuna mhusika mwenye pesa hizo. Benki inakopesha: kianzio asilimia 20, kisha rejesho la kila mwezi ambalo ni bei iliyogawanywa kwa 240, kwa miezi 480. Miaka 40. Rejesho ni kredi 154,500 kila mwezi, na ukimaliza utakuwa umelipa asilimia 220 ya bei. Mhusika aliyetumikia vyombo vya biashara akibahatika kupata chombo katika marupurupu yake, anapata chombo pamoja na deni lake la miaka 40. Bahati hiyo ikimwangukia tena, miaka kumi inafutwa.

Sasa mapato. Ghala lina tani 82, na shehena inalipa kredi 1,000 kwa tani. Vyumba ni kumi. Ukiwa na wafanyakazi wanne vinabaki sita vya abiria wa daraja la juu, kila mmoja kredi 10,000. Kuna masanduku 20 ya kugandishia abiria maskini, kredi 1,000 kila moja. Ukijaza kila kitu, safari moja inaleta 162,000. Mruko, yaani safari ya kutoka nyota moja hadi nyingine, unachukua wiki moja, bandarini unakaa karibu wiki nyingine, kwa hiyo ni safari mbili kwa mwezi: 324,000. Toa rejesho. Toa mishahara ya rubani 6,000, injinia 4,000, mhudumu 3,000, tabibu 2,000. Toa mafuta safi tani 30 kwa kredi 500 kila tani, mara mbili. Toa hewa na chakula, kredi 2,000 kwa kila chumba na 100 kwa kila sanduku la kugandishia, kwa kila safari. Toa matengenezo ya mwaka. Unabakiwa na kama kredi 77,000. Si haba.

Lakini hiyo ni ukijaza. Abiria na mizigo vinapatikana kwa dadu, kufuatana na wingi wa watu wa sayari unayotoka na unayokwenda. Ukijaza nusu, mapato ya mwezi ni 162,000. Ukilipa rejesho unabaki na 7,500, na mishahara peke yake ni 15,000. Mafuta hujanunua. Aliyewahi kuendesha bodaboda ya mkataba anaijua hali hii: hesabu ya tajiri haiulizi kama leo mvua imenyesha.

Kutokana na jedwali hilo matukio yanajizaa yenyewe, na refa, yaani anayeuendesha mchezo, hana haja ya kuandika hadithi ndefu. (Ndiyo, Traveller inamwita refa, si bwana wa mapango mliyemzoea.) Nahodha anaamua kununua mafuta machafu ya kredi 100 kwa tani, au kuyachota bure kwenye anga ya sayari ya gesi kama Mshtarii, akijua kwamba mafuta machafu yanaongeza hatari ya mruko kwenda mrama na kujikuta mahali asipopajua. Anaamua kununua bidhaa kwa pesa yake mwenyewe na kubahatisha soko: jedwali la bei linaanza asilimia 40 ya thamani na kupanda hadi asilimia 400. Anakubali mzigo ambao mwenyewe hataki ufunguliwe. Anaacha kulipa na kukimbia, na kijitabu kina kanuni kwa hilo pia: kila anapotua, dadu zinaamua kama mawakala wa benki wamefika, na kadiri alivyo mbali na nyumbani ndivyo anavyopata nafuu. Wachezaji waliotoka kwenye mapango ya dhahabu hunung'unika juu ya hesabu hizi kwa kikao kimoja. Kikao cha pili wanakuja na daftari.

Niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu, maana ndicho ninachokikumbuka kila nikiulizwa kuhusu mchezo huu. Wale abiria wa kugandishwa. Mwisho wa safari kila mmoja anarushiwa dadu mbili na anahitaji 5 au zaidi ili aamke. Mmoja kati ya sita haamki. Tabibu mwenye ujuzi wa 2 kwenda juu anaongeza 1. Abiria mwenye ustahimilivu wa 6 kushuka anapunguziwa 1. Kisha kijitabu kinaeleza, kwa sauti ileile ya kueleza bei ya mafuta, kwamba kuna desturi ya bahati nasibu: katika kila nauli kredi 10 huwekwa pembeni, abiria wanakisia ni wangapi wataamka, na anayekisia sawa anachukua. Akiwa mshindi hakuamka, pesa ni ya nahodha.

Hakuna mahubiri yanayofuata. Aya inaisha, inaanza ya mizigo. Mezani kwangu kuna mchezaji aliyekuwa nahodha akasema chombo chake hakibebi tena watu wa barafu. Mwenzake, aliyekuwa injinia na mshika daftari, akamwonyesha kwamba masanduku 20 yakijaa ni kredi 40,000 kwa mwezi, na kwamba kama si wao basi watagandishwa kwenye chombo kisicho na tabibu kabisa. Wakabishana nusu ya jioni. Mwishowe wakaajiri tabibu bora kwa mshahara mkubwa zaidi, na ikabidi wabebe ule mzigo usiofunguliwa ili wamlipe. Sikuwa nimeandaa lolote kati ya hayo.

Jambo la pili linaloubeba mchezo ni umbali. Mruko unachukua kama wiki moja, iwe umeruka paseki moja, yaani miaka ya nuru 3.26, au paseki sita kwa chombo cha gharama kubwa. Na hakuna simu. Hakuna mawimbi yanayopita kasi ya mwanga. Habari inasafiri ndani ya chombo, kama barua ilivyosafiri zama za matanga. Mkifanya fujo bandarini mkaruka usiku huohuo, hati ya kuwakamata iko nyuma yenu kwa chombo kinachofuata. Mkikaa mahali wiki tatu, imewafikia. Refa akilielewa hilo tu, amepata nusu ya mivutano yake bure.

Siasa za ulimwengu wa mchezo nazo zimetokana na kanuni hiyo. Vijitabu vya 1977 havikuwa na ulimwengu uliotungwa tayari. Vilikupa vyombo vya kuutengeneza wako. Dola kubwa ambayo wapenzi wa Traveller wanaizungumzia, Imperium ya Tatu yenye sayari kama 11,000, ilijengwa kuanzia 1979 kupitia vitabu vya nyongeza, kimojawapo kikiwa cha eneo la mpakani liitwalo Spinward Marches. Kwa nini watu wa baadaye, wenye vyombo vya kuruka nyota, wanatawaliwa na wafalme na makabaila? Kwa sababu amri ya makao makuu inachukua miezi mingi kufika mpakani. Aliyeko huko lazima awe na mamlaka ya kuamua mwenyewe, na dola imwamini. Unaweza usikubaliane na jibu hilo, lakini ni jibu lililotoka kwenye sheria za mchezo, halikubandikwa juu kama pambo.

Sayari zenyewe mnazitengeneza kwa dadu, na refa anaweza kuifanya kazi hii peke yake jioni moja kwa raha zake. Kila sayari inafupishwa kwa herufi na tarakimu. Baada ya 9 inakuja A kwa maana ya 10, na kuendelea. Chukueni C564789-8. Bandari ya daraja C, ya kawaida. Kipenyo maili 5,000 hivi, karibu kilomita 8,000. Hewa inavutika bila barakoa. Maji asilimia 40. Watu makumi ya mamilioni. Serikali ni urasimu wa watumishi wa umma. Sheria daraja la 9, na hapo silaha yoyote nje ya nyumba yako ni kosa. Tarakimu ya mwisho ni teknolojia, ambayo hapo haiko mbali na yetu. Na ile 9 ya sheria inafanya kazi mara mbili: mkiwa mitaani mnarusha dadu mbili, na mkipata chini ya 9 askari wanawasimamisha. Nafasi ya kusimamishwa ni 26 kati ya 36. Sasa mna mzigo usiofunguliwa, bastola chini ya kiti, na karani anayetaka fomu. Herufi moja na tarakimu saba zimekupeni kikao kizima.

Dadu hutoa vituko pia. Mtapata sayari isiyo na hewa yenye watu mabilioni na teknolojia ya injini za mvuke. Kuna marefa wanaorekebisha. Mimi huacha, kisha nawauliza wachezaji wanadhani watu hao wanapumua nini. Majibu yao huwa bora kuliko ambayo ningetunga.

Sasa makosa, maana yapo. Kompyuta ndogo kabisa ya chombo inachukua nafasi ya tani moja na kugharimu kredi milioni mbili. Kubwa kabisa inakula tani tisa. Kwa 1977 ilieleweka, leo vijana wenu watacheka, waacheni wacheke. Silaha zimechanganywa bunduki za leza na majambia na mikuki mirefu, na sababu wanayoitoa ni kupambana ndani ya chombo, lakini nadhani watunzi waliipenda tu historia. Uandishi ni mkavu kama kitabu cha maelekezo ya jenereta, na picha ni kama hakuna.

Kasoro kubwa ni kwamba hakuna kanuni moja ya kutumia ujuzi. Kila ujuzi una utaratibu wake, mwingine umeachiwa refa. Baadhi ya taratibu hizo ni nzuri mno: mtu aliyevaa suti ya anga akifanya jambo lisilo la kawaida anahitaji 10 au zaidi ili asiingie hatarini, lakini kila ngazi ya ujuzi wa suti inampa nyongeza ya 4. Asiyefunzwa anakaribia kufa, aliyefunzwa kidogo tu anatembea kwa amani. Hiyo ni picha sahihi ya mafunzo kazini. Lakini ukifungua ujuzi unaofuata unakuta hesabu nyingine kabisa, na refa mgeni anapotea. Dawa ya wengi ni kutumia 8 au zaidi kwa kila kitu, jumlisha ngazi ya ujuzi. Itumieni.

Vita mjihadhari navyo. Majeraha yanakatwa moja kwa moja kwenye nguvu, wepesi na ustahimilivu, na jeraha la kwanza lote linaangukia kimoja kati ya hivyo vitatu. Risasi ya bunduki ya kawaida ni dadu tatu, wastani 10 na nusu. Mtu wa kawaida ana 7. Yaani risasi ya kwanza ikimpata, mara nyingi amezirai papo hapo. Mliotoka Dungeons & Dragons mtaingia kwenye mapigano matatu ya kwanza kwa mazoea na kujuta. La nne mtatoa hongo.

Umeuliza matoleo. Game Designers' Workshop walitoa MegaTraveller 1987, ambamo mfalme anauawa na dola kugawanyika, kisha Traveller: The New Era 1993, ambamo kirusi cha kompyuta kinabomoa kilichobaki. Mimi sikuyapenda yote mawili. Waliharibu barabara za biashara, na bila biashara mchezo huu unakosa pumzi. Kampuni ilifungwa 1996. Zikaja kampuni nyingine kadhaa, nami nazipita. Lililo hai leo ni la Mongoose, kampuni ya Uingereza, lililotoka 2008 na toleo lake la pili 2016. Humo kifo cha mwanzoni kimebadilishwa kuwa ajali inayokuondoa kazini, 8 au zaidi ndiyo kipimo cha kila kitu, na wachezaji wanaounganisha matukio ya maisha yao ya nyuma wanapata ujuzi wa ziada. Hicho cha mwisho ni kizuri, kiibeni hata kama mnatumia vijitabu vyeusi. Kama mfuko hauruhusu, kuna Cepheus Engine ya 2016, iliyojengwa juu ya kanuni hizohizo kwa leseni huria.

Lakini nyinyi tayari mnacho kisanduku, na kwa watu watatu kinatosha. Fanyeni hivi. Mmoja awe refa, wawili wacheze, kila mchezaji atengeneze wahusika hadi apate wawili walio hai. Mmoja katika hao wanne lazima awe wa vyombo vya biashara; kama dadu hazikumpa chombo, refa ampe, pamoja na deni lake. Ramani kamili ya kijitabu cha tatu ina vyumba 80, na kila chumba kina nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na sayari, msifanye yote. Chukueni kona ya vyumba 20, mtapata kama sayari kumi, na kwa chombo kinachoruka paseki moja tu hizo ni safari za miezi. Kama sayari mbili zimetengana vyumba viwili bila kitu katikati, hamfiki, na hilo lenyewe ni jambo la kuzungumza mezani.

Anzeni chombo kikiwa bandarini, rejesho linadaiwa baada ya wiki tatu, ghala lina tani 40 tu, abiria wa daraja la juu wawili. Refa arushe dadu kwenye jedwali la wateja, aone nani anakuja na kazi. Msitafute njama kubwa ya kuokoa dola. Wekeni daftari la mapato na matumizi katikati ya meza, aliandike mchezaji, si refa, na kila mwisho wa safari mlisome kwa sauti kabla ya kuamua mnakwenda wapi. Na vile vijitabu vyenyewe msivifungue sana mezani. Karatasi zake ni za 1977, zimeshikwa kwa pini tu. Pigeni picha kurasa za majedwali, mtumie hizo.